Hapana ya Kidevu

Mimi si mtu wa maneno. Muulize yeyote hapa Sazgöl, kijiji chetu cha kando ya ziwa, atakwambia: ukimsikia Vahdet wa mkahawani akisema sentensi tatu mfululizo, ujue kuna msiba au kuna mtu kamvunjia glasi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa methali hiyo nimeishi miaka hamsini na nane bila kugombana na watu, ukimtoa mmoja ambaye nitamfikia. Kazi yangu nayo inanisaidia. Huku kwetu chai haikorogwi sukari kama dawa ya kifua. Unabana bonge la sukari kwenye meno, chai inapita juu yake. Mwenye sukari menoni haropoki. Akikubali, anainamisha kichwa. Akikataa, anainua kidevu na nyusi, basi, shughuli imekwisha. Hata mtoto wa kunyonya anajua.

Duarte hakujua. Na mimi nilijua kwamba hajui. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure.

Alikuwa Mreno, mrefu, ana miaka arobaini hivi, anatembea dunia na begi moja mgongoni. Basi dogo lilimshusha kwetu Jumatatu kwa sababu barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji. Sazgöl hakuna hoteli. Mke wangu Gülizar alimkuta amesimama mbele ya duka la mikate, pua nyekundu, akamleta nyumbani. Mgeni wa Mungu haulizwi anaondoka lini. Alikuwa na maneno ya lugha yetu kama thelathini, akayatumia yote thelathini tangu alfajiri mpaka tunazima taa. Baba, hii nini? Baba, ile nini? Gülizar alimpenda palepale. Mimi, nisiwe mwongo, alinichosha.

Usiku ule wa kwanza, tulipomaliza supu, aliinuka akashika sahani na kunitazama, kuuliza kama azipeleke jikoni. Mgeni hapeleki sahani jikoni. Nikainua kidevu. Akafurahi, akazibeba zote.

Gülizar alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Selcen, huyu kidevu chako anakisoma kinyume! Kwao ukiinua kichwa umekubali. Mjibu kwa mdomo, mume wangu. Hautadondoka."

"Hm," nikasema.

Jumatano saa tatu asubuhi aliingia mkahawani akiwa na begi mgongoni, kamba zote amezikaza. Mkahawa ulikuwa mtupu, karibu wanaume wote walikuwa kwenye maziko kijiji cha juu. Akaenda ukutani kwenye ile picha ya arusi ya binti yangu Selcen, magari sita ya farasi yakivuka ziwa lililoganda, bibi arusi ametangulia. Ni magari yasiyo na magurudumu, yana mbao mbili ndefu chini za kutelezea. Akaigusa picha. Kisha akaonyesha dirishani, ziwa lote jeupe mpaka ng'ambo, ambako kuna kijiji na barabara iliyo wazi. Akatembeza vidole viwili juu ya kaunta yangu.

"Barafu," akasema. "Kutembea. Sawa, baba?"

Picha ile ni ya Januari. Siku ile ilikuwa katikati ya Machi, na upepo wa kusini ulikuwa unavuma siku ya nne. Upepo huo hauyeyushi barafu kwa juu ukaona. Unaila kwa ndani. Hakuna mtu wa Sazgöl aliyekuwa amekanyaga ziwa tangu Jumapili.

Nilikuwa nimeshabana sukari. Nikainua kidevu.

Akatabasamu uso mzima, akaweka mkono kifuani. "Asante, baba!" Mlango ukafungwa.

Na lile tabasamu nililiona. Narudia: nililiona. Mtu aliyekatazwa hatabasamu hivyo. Kitu kikanichoma hapa chini ya mbavu kikaniambia, Vahdet, tema hiyo sukari umwite. Hatua sita tu mpaka mlangoni. Lakini chai ilikuwa ya moto, ya kwanza ya siku, sukari ndiyo kwanza inaanza kulegea, na nilikuwa nimechoka na baba-hii-nini. Nikajiambia anakwenda dukani. Nikajiambia atakutana na mtu njiani atamrudisha. Nikamaliza glasi yangu.

Nilipokwenda dirishani alikuwa ziwani, tena mbali. Kidoti cheusi chenye begi jekundu.

Nilitoka bila koti. Sijakimbia tangu nilipokuwa jeshini, nikakimbia siku ile mpaka ufukweni, mate yana ladha ya chuma. Alikuwa mita mia nne mbele, anatembea kwa raha zake, na alikuwa ameshika njia iliyonyooka kwenda ng'ambo. Njia iliyonyooka inapita kwenye Jicho.

Jicho ni pale katikati ya ziwa ambapo chemchemi inapanda kutoka chini. Maji yake yana uvuguvugu. Hata Januari barafu ya pale haizidi unene wa kiganja, na sisi huwa tunaizungushia matete ili mtu asipite. Upepo ulikuwa umeshaangusha matete yote.

"Duarteee!" nikapiga kelele. "Rudi! Wewe, rudi!"

Upepo ulikuwa unakuja kwangu. Sauti yangu yote nikailamba mwenyewe. Nikanyoosha mkono juu, kiganja kikitazama chini, nikapunga vidole kumwita, kama mtu yeyote mwenye akili anavyomwita mwenzake: njoo, njoo huku!

Akageuka. Akaniona. Moyo wangu ukashuka mahali pake, nikasema alhamdulillahi.

Akanyoosha mkono wake naye, akanipungia kwa furaha, akageuka tena na kuongeza mwendo.

Lo! Nilimtukana pale, Mungu anisamehe, nilimtukana yeye na Ureno yote. Nilidhani ananidhihaki. Gülizar ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwao ishara ile ni kumwambia mtu nenda, kwaheri, nenda salama. Mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilikuwa namsukuma mbele.

Kumfuata kwa miguu nisingemfikia. Kilichohitajika ni farasi, na farasi pale ufukweni alikuwa mmoja tu, Boncuk, jike la kijivu la Cemşit mvuvi. Cemşit mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo nyuma ya banda lake, anashona nyavu, sigara mdomoni.

Mimi na Cemşit tulikuwa na miaka kumi na moja hatusemezani. Tulikuwa tunacheza dadu mkahawani kwangu, nikatupa sita mbili, yeye akasema dadu moja imeegemea ukingo haihesabiki, mimi nikasema imehesabika, akaniita mwizi mbele ya watu. Ndiyo hiyo tu. Usicheke. Kwetu watu wamenuniana mpaka kaburini kwa dogo kuliko hilo. Na sheria ya kununa inajulikana: atakayefungua mdomo kwanza ndiye aliyekosa.

"Cemşit," nikasema.

Hakuinua kichwa. Sindano yake ilisimama tu.

"Cemşit, nakuomba."

"Leo jua limetoka magharibi," akaiambia nyavu yake.

"Mgeni wangu yuko kwenye barafu. Anaelekea Jicho."

Nyavu ikaanguka chini. Akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akatazama. Sigara ikamdondoka. "Mwendawazimu gani kamwachia?"

"Nilimwambia hapana," nikasema.

Wala sikusema uongo. Ndiyo ubaya wake.

Alimfunga Boncuk kwenye gari lake la kutelezea mikono yake ikienda mbio, huku ananitupia maneno ya miaka kumi na moja kwa mkupuo. "Shika hapo! Si hapo, hapo! Mikono ya kumimina chai hiyo. Panda. Kaa katikati, na hilo tumbo lako lilaze, usilisimamishe. Farasi wangu akivunjika mguu nakuzika humuhumu, unasikia?"

"Ulishaniita mwizi, sasa mnene."

"Mnene ni tangu zamani. Sikuwa napata nafasi ya kukwambia."

Tukaingia ziwani. Hakufuata njia iliyonyooka. Alizunguka kwa kulia, kwenye barafu ya kina kifupi, anasikiliza kwato. Barafu nzuri inalia ngu, ngu, ngu. Ile ilikuwa inalia kama mtu anayekanyaga mkate uliolowa. Kila mara Cemşit aliposikia mlio umebadilika alimvuta Boncuk pembeni bila kusema neno, na mimi nilikuwa nimeshika mbao mpaka kucha zinauma. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kufa, na katikati ya hofu hiyo nilikuwa nahesabu: ile chai ilinichukua dakika ngapi? Tano? Sita? Kabla ya dakika hizo alikuwa mlangoni kwangu, ningemshika kwa kola.

Boncuk alikuwa na kengele shingoni. Duarte akazisikia. Akageuka, akaona gari la farasi likimjia kama lile la pichani, akafurahi. Akaacha njia yake na kuja kwetu moja kwa moja.

Cemşit alivuta hatamu, Boncuk akasimama. "Basi," akasema taratibu. "Hapo alipo ndipo Jicho linaanza. Akipiga hatua ishirini kuja kwetu, amekwisha. Mwambie asimame."

"Simama!" nikapiga kelele. "Simama, Duarte!"

Neno hilo alilijua, limeandikwa kwenye vibao vyote vya barabarani. Akasimama. Cemşit akapiga paji lake la uso.

"Akisimama hapo pia atazama! Alale! Mtu akilala uzito unatawanyika. Mwambie alale chini atambae arudi alikotoka!"

Kulala. Kutambaa. Mreno yule alijua mkate, maji, asante, nzuri, ghali, theluji. Nikashuka kwenye gari. Nikalala kifudifudi juu ya barafu, mimi Vahdet mwenye mvi, nikanyoosha mikono na miguu kama chura, nikaanza kujivuta kinyumenyume huku nikimtazama. Fanya hivi. Hivi, mwanangu, hivi.

Akacheka. Akatoa simu mfukoni anipige picha.

Sijui aliona nini usoni mwangu kupitia simu ile. Mkono ulishuka. Akatazama miguuni pake, ambako maji yalikuwa yameanza kupanda kuzunguka viatu, na akapiga goti moja ili alale.

Barafu ilitoa sauti kama shuka linaloraruliwa. Akazama mpaka kwapani.

Begi ndilo lililomshikilia, lilikuwa na hewa. Hakupiga kelele. Alikuwa anafungua mdomo na kufunga, baridi imemnyang'anya pumzi. Cemşit alikuwa ameshafunga kamba nyuma ya gari, akanitupia ncha ya pili.

"Nenda wewe, mimi nimshike farasi. Ukisikia inapasuka chini yako usirudi nyuma, jibiringishe pembeni."

Nilitambaa. Shati lililowa, likaganda, likawa linakwaruza kama bati. Nilikuwa naongea njia nzima, mimi nisiyesema. "Nakuja, mwanangu. Usiache. Shika ukingo. Nakuja. Baba anakuja." Kamba niliitupa ikapeperuka. Nikaitupa tena ikamwangukia kifuani. Vidole vyake havikuwa vinafunga tena, akaizungusha mkononi mara mbili na kuing'ata kwa meno.

"Vuta!" nikapiga kelele. "Vuta, Cemşit!"

"Haya Boncuk! Haya mama, haya binti yangu!"

Yule farasi aliweka kichwa chini akavuta. Ukingo ukavunjika, ukavunjika tena, kisha mwanaume akatoka juu ya barafu kwa tumbo, anateleza kuja kwangu, nikamkumbatia na kamba ikatuvuta wote wawili. Nililia. Nilikuwa nalia nikicheka mpaka niliposikia Cemşit amenyamaza.

Boncuk alikuwa amevuta kwa nguvu zote, uzito wote ukikandamiza barafu kwa miguu ya nyuma. Miguu ya nyuma ilikuwa imeingia. Alijaribu kuruka, ya mbele nayo ikaingia, na gari likaanza kuteleza kumfuata, na sisi nyuma ya gari kwenye kamba ileile.

Cemşit alikuwa na kisu cha kukatia nyavu. Alitutazama, akamtazama farasi. Akakata mkanda wa kushoto. Akakata wa kulia. Gari likasimama.

Boncuk aliogelea ndani ya tundu lile, shingo juu, akaweka kwato zake ukingoni mara mbili, na mara mbili barafu ikamkatikia. Cemşit alikuwa amelala kifudifudi ameshika hatamu, anamwita, njoo mama, njoo, mpaka hatamu ikachomoka kichwani mwa farasi pamoja na lijamu, ikabaki mikononi mwake. Watu wawili hawawezi kumtoa farasi majini. Wangehitajika ishirini, na ishirini walikuwa kwenye maziko. Hakukaa sana. Maji yakatulia.

Tulimsukuma Duarte kwenye gari kwa mikono mpaka nchi kavu.

Alasiri mkahawa ulijaa mpaka mlangoni. Waliorudi mazikoni walikuwa wamesikia. Duarte alikuwa amekalishwa karibu na jiko la kuni, blanketi tatu, rangi imeshaanza kumrudia, Gülizar anamnywesha supu kwa kijiko. Cemşit aliketi meza ya pembeni. Miaka kumi na moja hakuwa amekanyaga mlango wangu. Hatamu ilikuwa mapajani mwake, inadondosha maji sakafuni. Nilimwekea chai na bonge la sukari kando.

"Sasa tueleze," akasema mwenyekiti wetu Sıtkı. "Aliingiaje ziwani?"

"Si alimuuliza kaka Vahdet," akadakia mmoja, ambaye Duarte alikuwa amemwonyesha kwa ishara. "Kaka akamkatalia kwa kidevu, yeye akaelewa ndiyo!"

Wakacheka, kile kicheko cha watu waliokwepa msiba. "Hawa watu wa Ulaya simu wanazo, kidevu hawakijui!" "Kaka Vahdet tumwandikie bango mlangoni: kikipanda ni hapana!" "Mwenyewe angalau leo kafungua mdomo, nasikia ziwani alikuwa anahubiri!"

"Basi hakuna wa kulaumiwa," akasema Sıtkı. "Alimwambia hapana. Ni bahati mbaya."

Gülizar alisimamisha kijiko. Akanitazama. Baada ya miaka thelathini na miwili mke hahitaji kusema.

Nilisubiri Cemşit aniulize. Angeniuliza kwa hasira ningejitetea, najijua. Lakini alisema, bila kunitazama, "Mwacheni. Alimkataza. Tena alitambaa mwenyewe kumfuata, na lile tumbo. Kosa si la mtu." Akaishika glasi niliyomwekea aipeleke mdomoni.

Hapo ndipo niliposhindwa.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini, kaka?"

"Nilijua kwamba hakielewi kidevu. Gülizar aliniambia Jumatatu. Alipotoka hapa alikuwa anatabasamu, nikaliona lile tabasamu, nikajua ameelewa vibaya. Sikumwita. Nilikuwa na sukari mdomoni. Nikanywa chai yangu kwanza."

Nyuma yangu birika lilikuwa linachemka.

Cemşit alishusha glasi. "Yote?"

"Yote. Mpaka chini."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali. "Nilimlea kwa chupa," akasema. "Mama yake alikufa akimzaa. Selim mwanangu alikuwa ananiuliza, baba, unampenda nani zaidi." Aliirudisha glasi kwenye kisahani chake, imejaa, sukari kando yake haikuguswa. Akakunja hatamu mara tatu, akaitia ndani ya koti, akatoka. Hakuna aliyempa pole. Walikuwa wananitazama mimi.

Duarte naye alikuwa anatazama uso mmoja hadi mwingine. "Baba?" akaniuliza. "Nini? Baba, nini?"

Nikavuta kiti nikaketi mbele yake, magoti yetu yakagusana. Yeye ndiye niliyemkosea kuliko wote, na alikuwa na haki ya kujua. Nikatafuta katika yale maneno yake thelathini. Mkate, maji, theluji, ghali. Nikaweka mkono kifuani. "Mimi," nikasema. "Barafu. Mimi. Vibaya. Mimi, vibaya."

Alisikiliza kwa makini, macho yakamjaa machozi. Akatoa mikono ndani ya blanketi, akaushika mkono wangu, akaubusu na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama Gülizar alivyomfundisha kuwafanyia wazee.

"Hapana, baba," akasema. "Baba mzuri. Asante."

Watu wakatazama sakafu. Mkono wangu nikauacha mikononi mwake.